Shikamoo Kabla ya Mieleka

Mpendwa baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia tena huko Sekenke ulikolala, lakini kwako hakuna kilichoanza bila salamu.

Kila nikisimama mbele ya ulingo wako, bado najiuliza uliwezaje. Ulirudi kutoka Dar es Salaam na goti bovu, mwanamieleka uliyekuwa ukijaza kumbi, watu wakadhani sasa utalima alizeti kama wenzako. Wewe ukachimbia magogo manne, ukafunga mipira ya baiskeli iwe kamba, ukajaza maganda ya alizeti kwenye magunia yawe sakafu. "Sasa mimi ni promota," ukamwambia mama. Mama akakujibu kwamba hatakanyaga huko, amechoka kukukanda.

Nakumbuka onyesho la kwanza pale Kinyangiri, ambalo ndilo lilikuwa pambano lako la mwisho. Ulikuwa umemfundisha Kitundu, mkulima wa palepale, aingie kama mtu katili. Akaingia kweli, kifua mbele, ananguruma kama fahali. Alipokufikia uso kwa uso, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Ukaitikia, ukambwaga, kisha nyuma ya ulingo ukamgombeza kwamba amekuharibia kazi.

"Sasa kaka, ningekupigaje hata sijakuamkia?" akasema, na alikuwa anashangaa kwelikweli.

Ukaacha kumgombeza. Tangu hapo ikawa sheria yako: mdogo amwamkie mkubwa, ndipo kengele igongwe. Mapromota wa mjini walikucheka, lakini wanamieleka wao walipokuja kwako, majitu yenye shingo nene kama mitungi, waliamkia. Nilikuwa nawatazama nimeduwaa. Sijaona mtu mwingine aliyeweza kuinamisha vichwa vile bila hata kupandisha sauti.

Ulipotutoka, watu wakasema mieleka imezikwa pamoja nawe. Jumamosi iliyopita niliusimamisha ulingo wako Unyambwa, na umati ukaja, lakini wanamieleka wakabaki chini wakitazamana.

"Tunapandaje, dada?" mmoja akaniambia. "Mwenye ulingo hayupo."

Niliogopa, baba. Wangeondoka, jasho lako lote lingepotea mikononi mwangu.

Ndipo Kitundu, ambaye sasa ana mvi, akapanda taratibu, akaenda mpaka kwenye kona yako, pale ulipokuwa ukisimama kila pambano, sasa tupu. Akainamisha kichwa kama siku ile.

"Shikamoo, kaka."

Hakuna aliyecheka. Katikati ya watu ikatoka sauti ya mama, yuleyule aliyeapa kutokanyaga huko.

"Marahaba, Kitundu. Waambie wapande."

Wakapanda. Kila mmoja aliinamia kona yako kwanza, nami nikagonga kengele huku machozi yananitoka.

Pumzika, baba. Kona yako hatumpi mtu.

Ni mimi binti yako,
promota.