Tulikwenda Kuulizia Chumba, Tukapokewa kwa Halua

Mpenzi wangu Mama Lydia,

Umeamkaje huko, na goti lako linasemaje na baridi ya asubuhi? Mama naye, bado anakataa dawa mpaka umbembeleze? Na yule ng'ombe mweupe, mmepatana au bado anakupiga teke? Mimi huku Mombasa ni mzima, jasho tu. Barua hii anakuletea Lydia mwenyewe kwenye mkoba wake. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe huniwahi kwa maswali, na leo nataka unisikilize mpaka mwisho.

Tuliahidiana, mimi na wewe, kwamba hakuna atakayemvuta mtoto. Wewe ulimwonyesha chuo cha huko karibu na nyumbani, mimi nimwonyeshe cha huku, vyote vinafundisha uuguzi, kisha achague mwenyewe. Ahadi nimeitunza. Lakini nisikufiche, mke wangu: nilitaka abaki huku. Nilitaka mno. Meno yake ya kwanza niliyaona kwenye picha. Alipovunjika mkono mimi nilikuwa bandarini nahesabu magunia ya watu. Akimaliza chuo atakwenda zake, na mimi nitakuwa nimemlea kwa simu mwanzo hadi mwisho.

Basi, chuo chenyewe kilimpendeza. Alishika kila kitu kwenye chumba cha mafunzo, hata yule mdoli wa kujifunzia kuzalisha, akamwuliza mwalimu maswali mpaka mwalimu akavuta kiti. Bweni ndilo lililotushinda. Vitanda vya ghorofa vimebanana, mmoja akijigeuza mwenzake anaamka, na maji wanapandisha kwa madumu. Aliyetuzungusha akawa anatusifia uwanja wa mpira wa wavu. Lydia akaninong'oneza, "Baba, hapa nitasomea wapi?" Kwangu hawezi kukaa, unajua chumba changu nalala na mwenzangu wa zamu.

Nikamweleza Bi Rukia, mamake Athumani ninayefanya naye kazi boharini. Akasema iko nyumba Mji wa Kale, ya mjane aitwaye Bi Swafiya, anayepangisha vyumba vya juu kwa wasichana wanaosoma. "Lakini usiende mlangoni kwanza," akaniambia. "Mwenye nyumba atakwambia nini ila nzuri? Nyumba huulizwa jirani. Waulizie. Ni watu gani, wana ugomvi, wana heshima, mlango wanaufunga saa ngapi."

Unanijua, nikiagizwa jambo nalifanya lote. Nikavaa suti yangu ya kanisani na tai, nikamwacha Lydia kwa Bi Rukia, nikaenda. Nikamwuliza muuza kahawa. Nikamwuliza fundi cherehani. Nikamwuliza na mama wa viazi vya karai. "Watu wa nyumba ile ya Bi Swafiya wakoje? Nina binti, ndiyo maana nauliza." Wote walinijibu vizuri, wakitabasamu kupita kiasi, na fundi, nilipomwambia tutapita alasiri, akaniombea heri. Nikawaza, watu wa Mombasa wana adabu kweli.

Alasiri tukaenda watatu, mimi, Lydia na Bi Rukia. Lo! Mlango uko wazi, udi unafuka mpaka nje. Sinia la halua limeandaliwa, vileja, na birika la kahawa. Na kijana wa mwenye nyumba, Salim, ameketi wima ndani ya kanzu iliyopigwa pasi, jasho linamtoka utadhani anangoja sindano. Bi Swafiya akatukaribisha kwa heshima zote, kisha akamgeukia mwanawe.

"Haya, wazee wa msichana ndio hawa. Sema mbele yao. Umeposa bila ya kunambia mamako?"

"Mama, wallahi simjui! Sijapata kumwona!"

"Humjui, na babake tangu asubuhi yuko mtaani anatuulizia?"

Ndipo nilipoelewa. Kwa watu hawa, baba mwenye binti akivaa suti akaenda kuulizia nyumba ya watu, basi kijana wa nyumba ile amepeleka posa. Bi Rukia alikuwa ameshajifunika uso kwa leso, anacheka mpaka machozi. "Ni chumba, Swafiya! Anatafuta chumba, mtoto asome!" Salim akashusha pumzi, akawa wa kwanza kuchukua halua. Lydia alicheka mpaka akaniegemea begani. Sikumbuki kama amewahi kuniegemea tangu awe mkubwa.

Chumba tukakiona. Kina dirisha, meza, maji ya bomba, na mlango unatazamana na wa Bi Swafiya mwenyewe. Nikamwambia kwamba majirani wamemsifu na mimi nimeridhika.

"Nasi tumekuulizia, baba," akasema. "Ulidhani tutakaa tu?" Akamshika Lydia mkono. "Tumeambiwa babako ni mtu mpole. Kila Jumapili jioni huketi peke yake pale Feri, azungumze na mwanawe kwa simu. Mazungumzo yakisha haondoki. Hukaa na simu mkononi mpaka kiza kiingie. Wauza njugu wote wamjua."

Nikatazama chini. Sikujua kama kuna mtu anayeniona.

Tulirudi kwa miguu kupitia Marikiti. Nikamnunulia embe, hakulila. Mwishowe akasema, "Baba, kwenye simu unaniuliza kama nimekula, kama nimesoma. Nikikuuliza wewe, unasema mzima tu. Watu wale wamekuulizia siku moja wakakujua kuliko mimi." Akasimama pale pale katikati ya mikokoteni. "Nitasoma hapa. Acha na mimi nikuulizie."

Mama Lydia, nililia. Mwenye mkokoteni alinipigia kelele nimpishe, nisimpishe.

Sasa mtoto anaogopa kukuambia. Anaona kama amekuacha. Tafadhali mpokee, na ukitaka kulia, lia akishakula, maana tangu juzi hali vizuri kwa kukuwaza wewe. Wala usidhani nimekushinda. Moyo huo alionao umemlea nao wewe, mimi ndio kwanza naanza.

Nisalimie Mama sana, mwambie nimemtumia halua, asiifiche chini ya mto. Msalimie mdogo wangu Wycliffe, na ajiandae kukaa na huyo ng'ombe, kwa sababu siku ya kumleta Lydia utamleta wewe. Bi Swafiya ameshasema utalala kwake. Msalimie shemeji mwalimu. Bi Rukia anakusalimu, na Salim pia, ingawa tangu siku ile akiona mtu amevaa tai anavuka barabara.

Ukija, usikae siku mbili ukakimbilia shambani. Miaka yote hii ukinijulia hali nakujibu mzima, nawe unaniamini. Njoo uniulizie na wewe.

Wako, anayekupenda, na ambaye si mzima kama anavyosema,

Baba Lydia