Miguu ya Nyumba ya Bibi

Koto Rimbang, 4 Machi 2018

Kwa mjukuu wangu Resti,

Assalamu alaikum. Mimi mzima, goti tu linanisumbua, na usiniandikie dawa za goti, ninazo. Wewe hujambo? Unakula, au bado unalidanganya tumbo kwa tambi za pakiti?

Barua hii anakuletea Bi Eli, anayekuja huko Padang kuuza pilipili. Simu yenu siitaki. Nikianza kufoka mnasema mtandao umekatika.

Nasikia umejiunga na mpango wa kulea wasichana wanaosomea uhandisi. Kulea! Nimekulea tangu mama yako alipofariki, nikadhani nimemaliza. Leo mwanamke wa mjini akushike mkono akufundishe ujasiri? Kwetu nyumba ni ya wanawake, mashamba ya mpunga ni ya wanawake, mume akija anakuja na begi lake. Ujasiri gani unaukosa? Hata hivyo nimewatangazia wote mferejini, na Bi Nurmi, ambaye mjukuu wake anauza vocha, akabeba ndoo yake akaondoka.

Habari kubwa ni ya mwanangu, mjomba wako Syahrul. Mwisho wa Aprili anavishwa cheo cha ukoo, kile cha marehemu kaka yangu, kilichokunjwa miaka kumi na moja kwa kukosa wa kukivaa. Wageni mia tatu. Amekuja na mafundi wake kutoka Jakarta, wamezimwagia nguzo zote thelathini zege miguuni, juu yake wakapiga vigae vyeupe. Zamani nguzo zilikaa tu juu ya mawe kama kuku wanaotaga. Sasa nyumba imevaa viatu! Picha hiyo hapo, warushe roho wenzako.

Bibi yako

*

Padang, 15 Machi 2018

Kwa Bibi yangu mpenzi,

Wa alaikum salaam. Mimi mzima, na wali nakula, wallahi. Namshukuru Mungu kwamba goti halijakuzuia kufoka.

Bibi, usinicheke kuhusu mpango. Kwenye saiti ninakojifunza kazi niko msichana peke yangu. Wananiita "dada wa kahawa". Nikisema kipimo kimekosewa, wanageuka kumwuliza Dedi, wa mwaka wa kwanza, ambaye hata kushika futi hajui. Januari nilijaza fomu ya kuacha uhandisi. Sikukuambia. Ndipo nikapewa Bi Wirda awe mlezi wangu. Miaka ishirini anakagua majengo baada ya matetemeko. Aliisoma ile fomu, akasema, "Itupe. Kesho sema tena, kwa sauti ile ile, usiongeze wala usipunguze." Nikasema. Siku ya tatu wakapima upya. Nilikuwa sahihi.

Sasa jambo lililonikosesha raha. Nilimwonyesha picha uliyonitumia. Aliisogeza dirishani penye mwanga, kisha akauliza, "Nani ameifunga miguu nyumba hii?" Bibi, wazee hawakuziweka nguzo juu ya mawe kwa umaskini. Ardhi ikitikisika, nguzo huteleza kidogo, nyumba yote ikayumba pamoja, ikatulia. Ukiufunga mguu, chini hakuendi, juu kunakwenda, na nguzo hukatikia hapo katikati. Ongeza watu mia tatu ndani.

Naomba zege livunjwe kabla ya sherehe. Mimi na Bi Wirda tuko tayari kuja kuwaonyesha mafundi.

Mjukuu wako Resti

*

Koto Rimbang, 22 Machi 2018

Resti,

Assalamu alaikum. Nimeamka salama, lakini baada ya kusomewa barua yako siko salama tena. Ndiyo, nimesomewa, maana miwani imevunjika (hata hii naandika kwa kupapasa), na aliyeisoma ni mjomba wako mwenyewe, mbele ya mafundi wake. Walicheka hadi mmoja akapaliwa na kahawa. "Mtoto amesoma nyufa kitabuni, anakuja kutufundisha zege!" Mjomba wako hakucheka. Alitoka nje, na chakula hakugusa.

Umemruhusu mgeni aikosoe nyumba yetu! Tambuu ya mwaliko imeshapelekwa mlango kwa mlango, wakwe wameipokea na kuitafuna. Sasa nirudi niwaambie nini? Kwamba mimi Kasmanidar naiogopa nyumba yangu mwenyewe?

Mwaka 2009, tetemeko lile lililoangusha maghorofa ya Padang, mimi nilikuwa humu ndani. Nyumba iliyumba kama inabebwa na maji, nikashikilia mlango. Hata sahani haikuanguka. Na wakati huo haikuwa na zege hata kijiko! Sasa inalo, wewe unasema itaanguka. Huyo mwanamke anakulisha nini?

Sikiliza. Nyumba hii baada yangu ni yako, kwa sababu huna dada na mama yako hayupo. Lakini siiachi kwa mtu anayeniaibisha. Toka kwenye mpango huo, uje kwenye sherehe umwombe radhi mjomba wako. Ama baki nao, usije, na nyumba usiihesabu.

Bibi yako, ambaye hajasoma

*

Padang, 2 Aprili 2018

Bibi,

Assalamu alaikum. Natumaini umepata miwani, nataka hii uisome wewe mwenyewe.

Mpango siuachi. Na sherehe siji. Siwezi kukaa chini ya dari ile niwapakulie watu wali huku najua ninachokijua. Nimelia wiki nzima, ila jibu halikubadilika.

Nakurudishia barua yako, Bibi, isome tena pale ulipoandika habari za 2009. Isome polepole.

Mjukuu wako, hata ukikataa

*

Koto Rimbang, 6 Mei 2018

Resti,

Assalamu alaikum. Niko hai. Nalala kwa Bi Nurmi, ambaye anakoroma.

Barua yako sikuijibu kwa sababu nilikuwa na hasira. Kisha Jumapili, siku nne kabla ya sherehe, ardhi ilitikisika. Kidogo tu, hata bata hawakukimbia. Lakini mimi nimeishi humo miaka sabini na moja, na sauti za nyumba yangu nazijua. Zamani ililia yote kwa pamoja. Safari hii zililia nguzo tatu peke yake. Nilishuka kuangalia. Juu tu ya vigae mti umepasuka, kidole changu kinaingia.

Nikamwonyesha mjomba wako. Akaziba kwa lipu, akapaka rangi.

Alhamisi asubuhi wanawake wamefika na masufuria, nyama iko jikoni. Nikasimama mlangoni nikasema, "Haingii mtu. Nyumba ni yangu, naifunga." Mjomba wako akaninong'oneza, "Mama, unanivua nguo mbele za watu." Nikamwambia, "Bora uvuliwe nguo kuliko nikuvishe sanda." Kwetu cheo hakivaliwi uwanjani, ni ndani ya nyumba ya ukoo tu. Wazee wakakikunja tena. Wakwe wakabeba nyama yao wakaondoka. Syahrul amerudi Jakarta bila kuniaga. Mwanangu wa kiume wa pekee.

Mferejini wananipisha kama mgonjwa. Mafundi wa hapa hawataki kulivunja zege, wanasema mwenye pesa hajawaambia.

Kwa hiyo usikae huko ukajiona mshindi. Wewe uliusema ukweli kwa karatasi, umbali wa saa tatu. Mimi nimeusema uso kwa uso na mtoto niliyemzaa. Njoo kabla ya mfungo, uje na nyundo. Sikuombi radhi, wala wewe usiniombe.

Mlete na huyo Bi Wirda wako. Nina swali langu, na nataka anijibu yeye, siyo wewe: alipowaambia wanaume wa kazini kwake kwamba wamekosea, ilichukua muda gani wakaanza kumsalimia tena?

Bibi yako