Neema Ameondoka na Mama Yako

Mwaja, rafiki yangu,

Uliniomba Neema abaki Dodoma, asome hapa, nimlee mimi. Hakubaki. Jumatatu alipanda basi la Mpwapwa na mama yako. Nimeona nikueleze mwenyewe ilivyokuwa.

Mama yako alifika Ijumaa jioni, na karanga na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa, akanywa maji. Halafu akasema, "Rehema mwanangu, nimekuja kumchukua mjukuu wangu." Nikamjibu kwamba wewe ulitaka vingine. Akasema, "Najua. Nilikuwepo ukiambiwa." Hakupandisha sauti. Tukaliacha hapo, tukapika.

Jumamosi asubuhi tulikwenda wote chuoni, pale kwenye lami mbele ya mabweni ya juu, tulipokuwa tukiota jua mimi na wewe wakati wa likizo tangu tukiwa wanafunzi. Chuo kimefungwa. Jua lipo, ila upepo ni uleule, unaingia mpaka kwenye meno. Wasichana wawili waliobaki bwenini walikuwa wanasukana kwenye ngazi, mwingine anafua, na vijana fulani wanapandisha mlima mbio wakihema. Ukitazama upande wa Ihumwa, ule uwanda tuliouzoea mtupu umejaa mabati mapya.

Neema alikuwa na baiskeli. Ile uliyomwahidi wewe, nikamnunulia mimi. Alikuwa hajajua kuiendesha. Nadhani alikuwa hataki kujua. Tangu tukuzike, mtoto huyu anakula akiambiwa ale, analala akiambiwa alale. Hakulia msibani na hakulia baadaye. Mwalimu wake anamsifu kwamba ni mtulivu. Wewe unajua Neema hajawahi kuwa mtulivu.

Nilimshikia kama kila Jumamosi. "Kanyaga, Neema." Anakanyaga kidogo, anashusha miguu. Mama yako alikuwa amekaa kwenye ukingo wa saruji, amejitanda khanga, anatutazama. Baadaye akainuka, akapandisha kitenge mpaka magotini, akaja akaniambia, "Hebu nipishe."

Akashika kiti kwa nyuma na kuanza kumsemesha kwa Kigogo. Sikuelewa yote. Mimi Mrangi, na wewe ulinifundisha matusi tu. Kisha akaanza kukimbia. Mama yako, Mwaja, na magoti yale! Neema akapiga kelele, "Usiniachie, bibi! Usiniachie!" Akamwachia. Mtoto akaenda mpaka karibu na mwisho wa lami, anacheka kicheko chake kile cha kukaribia kupaliwa, ambacho nilishakisahau. Wale wasichana wakaacha nywele, wakapiga makofi. Akashindwa kukata kona, akaanguka.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nikanyoosha mikono. Akanipita.

Alikwenda kwa bibi yake, goti linatoka damu, na akalia. Kidonda kilikuwa kidogo, kilio hakikuwa kidogo. Mama yako akakaa palepale juu ya lami, akampakata, wakalia pamoja, wanakuita. Nikainua baiskeli, nikanyoosha usukani uliopinda. Nilikuwa nafikiri kwamba mtoto ametoka bila sweta.

Waliponyamaza tukanywa chai. Nikamuuliza Neema kama angependa kukaa kwa bibi. Akaniuliza, "Na wewe mama mdogo, utakaa na nani?" Nikamwambia nina kazi, nina majirani. Akanitazama kama ulivyokuwa ukinitazama wewe nikidanganya. Mama yako akasema, "Likizo zote atakuwa hapa. Na wewe pale kwangu usibishe hodi, ingia tu."

Ningeweza kukataa. Mama yako aliniambia kabisa kwamba nikikataa ataondoka peke yake na hatanilaumu, na ninamwamini. Ingekuwa rahisi zaidi kama angegombana. Lakini nilikuwa nimemlea mtoto wako kwa miezi yote hiyo bila kumsikia akicheka wala kulia, na mama yako alivipata vyote viwili kwa asubuhi moja. Baada ya hapo sikuona cha kubisha.

Stendi hakukuwa na mambo mengi. Neema aligombea dirisha, akalipata. Akanipungia mkono mara moja, kisha akageuka kumwonyesha bibi yake kitu fulani nje, upande mwingine.

Leo ni Jumamosi tena. Nimekwenda chuoni peke yangu, nikakaa juani mpaka jua lilipokuwa kali. Haikuwa asubuhi mbaya. Jana Neema alipiga kwa simu ya bibi yake. Alisema hawezi kuongea sana, mbuzi wanatoka. Akakata.

Kama umekasirika, nikasirikie mimi, mama usimguse. Ulichotaka ni asome, na atasoma. Nitakuwa nafika Mpwapwa kila mwisho wa mwezi kukagua madaftari, na nikikuta ameyachezea nitamgombeza mbele ya bibi yake, hata kama bibi atanuna. Nitamwambia habari zako pia, zile za kuambiwa mtoto, na akikua nimalizie zilizobaki.

Lala, Mwaja. Mwanao anakimbiza mbuzi.

Ni mimi,
Rehema