Umeme Unaporudi Hewa Bora

Mama,

Kabini ya umeme ya pale kwenye kona, hapa mtaani kwetu Hewa Bora, uliyoiacha imeungua, imewekewa transfoma nyingine. Siku ilipowaka nilikimbia hadi mlango wa chumba chako nikuite uje kuona. Mkono ulikuwa tayari kwenye kitasa nilipokumbuka kwamba tulikuzika.

Lakini furaha haikukaa. Umeme unarudi, watoto wanashangilia, baada ya dakika chache unaondoka tena. Tunarudi kwa makala, mkaa wa kupikia, na pori linalotupatia makala linazidi kusogea mbali na mji. Swali halikunitoka kichwani: kwa nini umeme ukatike wakati ule ule wa kurudi?

Papa Ilunga, jirani yetu wa ukuta mmoja, alikuwa na jibu. Tumekuwa wengi. Parsele, kiwanja kilichokuwa na familia moja, sasa ina nyumba za nyuma, wapangaji, wajukuu, na kabini ni moja. Akataka wakatiwe umeme waliokuja mwisho, yaani Béa na mume wake, wenye mtoto mchanga. Karibu nimkubalie, Mama. Ongezeko la watu nililisoma chuoni, na hesabu yake ilionekana safi.

Kisha nikakukumbuka wewe. Umeme ukikatika, resho yako, lile jiko la umeme, ilibaki imewashwa, sufuria juu, nawe ukisema: "Acha ivi. Courant ikirudia, maharagi itaiva yenyewe."

Nikapita nyumba kwa nyumba nikiuliza. Wote wanafanya hivyo. Wengi tupo, ndiyo, lakini resho zetu zote, friji zote, pasi zote zinaamka kwa pamoja, na kabini inabebeshwa kila kitu kabla haijavuta pumzi.

Kwenye mkutano wa majirani niliomba kila mtu azime vyombo vyake umeme ukikatika, na umeme ukirudi upande wa kanisa uanze, sisi tungoje. Papa Ilunga akasema, "Mademoiselle sasa atatupimia hata saa ya kusonga bukari." Walicheka sana. Béa aliuficha uso kwenye kitambaa cha mtoto. Hapo nikasema kabini ikianguka tena, wakate kwanza waya wa nyumba yako, Mama. Nisamehe. Sikuwa na kitu kingine cha kuweka mbele yao.

Jumapili mchana umeme ukarudi. Redio za upande wa kanisa zikaanza kuimba. Sisi tulikaa nje, mikono magotini, tukinusa nyama waliyopika wenzetu. Nilisikiliza ile kabini kama nilivyosikiliza kifua chako hospitalini. Ikanguruma, ikatulia, ikaendelea. Ilipofika zamu yetu, Papa Ilunga mwenyewe alikwenda kugonga kwa Béa, akamwambia awashe, mtoto aoge maji ya moto.

Sijui itadumu hadi lini. Watoto wanazaliwa, na bado natafuta kujua waya mmoja unabeba nyumba ngapi.

Lala, Mama. Nakuahidi sitasema tena kwamba watu wamezidi kabla sijagonga mlango wao na kuuliza wanapika nini.

Binti yako