Pacha, Namba Zako Tumezisoma

Mwaka umetimia leo, Pacha, tangu utuache ngazini, kalamu nyekundu ikiwa bado nyuma ya sikio lako.

Jina hilo walikupa wenzako wa jeshi la wanamaji. Siku ya mashindano, asubuhi ulishinda mbio za kuogelea, jioni ukanyakua mkanda wa ndondi, mgeni rasmi akauliza, "Kwani huyu ana pacha?" Ulicheka mpaka kinga ya meno ikakudondoka.

Nyumbani mkanda uliutundika nyuma ya mlango, ukatubebea mitungi ya gesi hadi ghorofa ya nne, yetu na ya majirani. Hukuwahi kukataa. Nasi, Mungu atusamehe, hatukuwahi kukuuliza kama umechoka.

Kila asubuhi kabla ya chai ulishika mshipa wa mkono, jicho kwenye saa, ukahesabu mapigo ya moyo na kuyaandika kwenye kalenda ya jikoni. Tulikutania, "Moyo nao unauitia mahudhurio?" Ukajibu, "Kocha alisema mwili hauongopi."

Jumapili moja ukasema, "Dada, siku hizi moyo unanienda mbio hata nikiwa nimekaa." Mimi dada yako, ninayeandika haya, nikakujibu, "Si mwanamichezo wewe? Ukimbize!" Nyumba nzima ikaangua kicheko. Ulicheka na wewe, kisha ukashuka kuufuata mtungi wangu.

Hukufika nao juu.

Baada ya mazishi mkeo aliiendea kalenda kuangalia shule zinafunguliwa lini. Ndipo tukaziona: arobaini na nane, hamsini na tano, sitini na sita, themanini na tisa. Wiki nne namba zilikuwa zikipanda, nasi tukipita hapo hapo kuchukua sukari. Hukutuficha kitu, ndugu yangu. Uliandika kwa wino mwekundu, mbele ya macho yetu.

Majuto ni mjukuu, na huyu wetu tumembeba mgongoni mwaka mzima. Tusamehe, Pacha. Mimi zaidi.

Siku hizi binti yako mkubwa ndiye anayetushika mikono kila asubuhi na kuandika. Jana mama yetu alisema tu, "Leo nimechoka." Wote tukaweka vikombe chini, tukamuuliza, "Umechoka vipi, mama?" Swali hilo lilikuwa haki yako.

Unakumbukwa na mama yetu, mkeo, binti zako wawili, wenzako wa bwawani na ulingoni, majirani wa ghorofa ya nne, na dada yako aliyecheka.

Hatutakusahau, Pacha, hata asubuhi moja.