Shida Iliyofutwa Ubaoni

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili mchana.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama. U hali gani huko, na shemeji je? Wapwa zangu wanaendeleaje, na yule wa mwisho ameshaacha kung'ata wenzake shuleni? Kifua chako kimepoa, au baridi ya huko bado inakusumbua? Kuhusu sisi, nilitaka kuandika kwamba hatujambo, kama ninavyoandika kila mara, lakini leo mkono umegoma. Nimechoka, Kitinda. Nisome polepole.

Kifurushi chako kimefika salama na tunashukuru. Mablanketi ni mazito, mazuri. Sabuni za manukato nimezipanga kabatini, juu ya zile ulizotuma mwanzoni mwa mwaka.

Shuleni, muhula huu mwalimu mkuu ameagiza kila darasa lijifunze kusaidia wengine, kisha lichague watu wa kuwasaidia. Ana mapenzi na methali ya "kutoa ni moyo", ameichora mpaka kwenye ukuta wa vyoo. Miaka yote tumefanya vilevile: wanafunzi wanaleta nguo kuukuu, tunazipeleka kituo cha watoto yatima, tunapiga picha, tunarudi. Mwaka huu pia nilikusudia hivyohivyo, maana nguvu ya kubuni jipya sina.

Lakini darasani kwangu yumo binti mmoja tunayemwita Wakili, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Huyo hakubali jambo bila ushahidi. Alinyoosha mkono akauliza kama hao watoto waliwahi kusema wanataka nguo. Ili nipumzike na maswali yake, nikawaambia basi nendeni mkaulize wenyewe. Wakaenda kweli, na mlezi wa kituo akawafungulia stoo iliyojaa nguo hadi usawa wa dirisha. Walichokosa pale ni watu wa kukaa na wadogo jioni na kuwasomea. Tangu siku hiyo darasa likajiwekea sheria yake: hakuna kuchagua shida kabla ya kumuuliza mwenye shida.

Sasa sikia kilichonipata. Walijigawa kwa mitaa wanayoishi, na kundi la Wakili likaja kubisha mlangoni kwangu. Lilimkuta Mama kitini, nami nakoroga uji. Wakaniuliza mimi kwanza tunahitaji nini. Nikajikaza kisabuni kama kawaida yangu, nikasema tuko vizuri. Ndipo wakamgeukia Mama. Mama huyuhuyu ambaye siku hizi ananijibu kwa kichwa tu, aliwaambia wale watoto bila kusita: "Namtaka binti yangu aniogeshe."

Nilitoka nje kidogo, nikaacha uji ukaungua.

Unajua tunavyoishi, au pengine hujui, kwa kuwa sijakueleza. Tangu kiharusi kilipompooza upande mmoja, kumlisha, kumfulia, kumnyanyua na kumpa dawa nafanya mimi. Kuoga hataki nimguse, na sitamlazimisha. Ni mama yangu, nami ni mwanamume. Tangu wifi yako atutoke, anayemwogesha ni jirani yetu fundi cherehani, kila asubuhi kabla hajafungua kibanda chake, na hajawahi kutaka chochote. Sasa fundi anahama mwisho wa mwezi huu, anamfuata mwanawe. Nilileta mwanamke mwingine wa kulipwa. Mama alimshika mkono asimvue nguo, akalia. Mimi nikaenda kulia jikoni.

Siku ya kuchagua, shida zote ziliandikwa ubaoni na kila kundi likaeleza lilichosikia. Wakili alipofika kwetu alisema kwamba mwalimu amedai hana shida, ila alikuwa amevaa kiatu cheusi mguu mmoja na cha kahawia mguu wa pili. Darasa lilicheka, nami nikacheka, maana kumbe nilikuwa nimeshinda navyo hivyo shuleni kutwa nzima. Nilijiandaa kukataa kusaidiwa. Moyoni, nisikufiche, nilikuwa naomba watuchague. Badala yake Wakili alichukua dasta akaifuta shida yetu.

"Hii si ya kwetu," alisema. "Mwenyewe yupo, ila hajaambiwa."

Wakachagua kuwasomea watoto wa kituo, na wameshaanza.

Kitinda, wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi naandika tuko salama, nawe unatuma mablanketi kwa watu waliosema wako salama. Sikulaumu. Hukuuliza, nami sikusema. Leo nasema: njoo. Usitume kitu, njoo wewe, tena kabla fundi hajaondoka, akuonyeshe namna ya kumgeuza Mama bila kumuumiza. Najua una kazi na ruhusa haipatikani kirahisi. Hata kama utakaa kwa muda tu, tutapanga ya mbele tukiwa wawili. Peke yangu nimefika mwisho.

Msalimie sana shemeji. Mwambie sikunyakui, nakuazima tu. Wapwa wote waambie mjomba anawakumbuka, na huyo wa meno umfunge mdomo kwa niaba yangu. Fundi anakusalimu pia. Mungu akufungulie njia na akulinde uwapo safarini.

Mama naye anakusalimu. Nimemsomea barua hii yote, nikamuuliza niongeze nini. Alifikiri sana, kisha akasema: "Mwambie maji yangu ni ya uvuguvugu."

Ni mimi kaka yako,
nikupendaye hata katika uchovu huu.