Nyota Tatu za Fundi Bomba wa Zohali

Gniezno, 4 Septemba 2019

Binti yangu Ludka,

Hujambo huko Warszawa? Mimi mzima kidevuni kwenda juu na kifuani kwenda chini. Hapo katikati ndipo penye kesi: koo watalikata tarehe 21 Oktoba, na baada ya hapo daktari anasema sitatoa sauti tena. Nakunywa maji ya kitunguu na sukari, kama vile yatamtisha daktari.

Nimesoma makala yako gazetini kuhusu ile filamu ya Kihungari, *Fundi Bomba wa Zohali*. Nyota tatu kati ya sita! Ungeipa sifuri ningejua umekasirika. Ungeipa sita ningejua umelewa. Tatu ndiyo nini? “Inatazamika.” Hivyo husifiwa supu ya hospitali.

Tena ukaandika kwamba katika nakala mpya, yenye sauti za Wahungari wenyewe na maandishi ya Kipolishi chini, ule mstari ambao nchi nzima inautamka haumo. Bwana Skowron wa sinema yetu amekusoma. Alikuwa amenialika niisome filamu ile ukumbini tarehe 12 Oktoba, kwa mdomo wangu, nikiwasemea wote kwa Kipolishi juu ya sauti zao, mara ya mwisho. Sasa anasema ataonyesha nakala mpya, “iliyo sahihi”.

Asante sana.

Baba yako

Warszawa, 7 Septemba

Baba,

Shikamoo. Koo linaendeleaje? Usilichoshe kwa kunigombeza.

Sifuti hata nukta. Mafundi wawili wa Budapest wanapelekwa Zohali kuziba bomba linalovuja: wazo zuri. Roboti aliyeundwa kwa mashine ya kufulia: nimempenda. Baada ya nusu saa kila mtu anatembea tu huku na huku akingoja filamu iishe, nami nikingoja pamoja nao. Mashabiki wanaovaa ndoo kichwani kila mwaka wakienda kuitazama wanitukane wapendavyo.

Mfalme wa Zohali anawafungulia mlango mafundi, anasema: “Karibuni, wahandisi.” Basi! Sasa “Vueni viatu, nimepiga deki” ilitoka wapi? Wewe ndiye uliyeisomea televisheni. Mfalme, binti mfalme, roboti, wote kwa sauti yako moja, kama mtu anayetangaza treni zilizochelewa. Zaidi ya miaka thelathini watu wanacheka kitu ambacho hakimo! Nani alikiandika? Nijibu upesi.

Binti yako

Warszawa, 22 Septemba

Baba,

Shikamoo, hujambo? Hupokei simu, barua hujibu. Nimemuuliza jirani yako, anasema unaonekana ukinunua mkate na kumnunia kila mtu. Silali vizuri. Nazunguka chumbani kama wale wa Zohali. Nitukane basi, mradi uandike.

Ludka

Gniezno, 26 Septemba

Ludka,

Mimi sijambo. Nilikuwa nimekasirika, na hasira yangu ni ya polepole.

Hakuna aliyeiandika. Siku ya kuirekodi nilikuwa nimeshasoma filamu mbili, na hii ya tatu ilinichosha kuliko ilivyokuchosha wewe. Karatasi ya mfasiri ilisema “Karibuni, wahandisi.” Nikamtazama yule mfalme mlangoni, mikono kiunoni, nikamwona marehemu mama yako. Kila nilipotoka kazini alisimama hivyohivyo na fimbo ya deki: “Vua viatu, nimepiga deki!” Nikamsomea mfalme maneno ya mama yako. Fundi mitambo akacheka mpaka akamwaga chai, wakaiacha.

Mama yako alipoisikia kwenye televisheni alinifinya, akaninyima maneno mpaka Jumapili. Halafu akawatangazia majirani wote kwamba mfalme ni yeye. Umesahau? Nani kila siku alikanyaga sakafu kabla haijakauka?

Nyota tatu ni haki. Mimi ningetoa mbili. Lakini nilitaka kuisema tena kabla hawajanikata.

Baba yako

Warszawa, 30 Septemba

Baba yangu,

Shikamoo, na pole. Nilikuwa nimesahau. Si sakafu, sauti yake.

Nimempigia Skowron. “Lakini wewe mwenyewe umeandika nakala mpya ndiyo filamu halisi,” anasema. “Nimeandika pia kwamba inachosha,” nikamwambia. “Sasa katika nakala mbili umechagua ile inayochosha, na msomaji unaye mtaa wa pili, mzima, bure? Wewe ni mwenye sinema au mlinda makumbusho?” Akasema nina mdomo. Nikamwambia nimeurithi.

Utasoma wewe. Sauti za Wahungari atazipunguza. Nakuja tarehe 12 kwa treni ya asubuhi.

Binti yako

Gniezno, 2 Novemba

Ludka wangu,

Hujambo? Mimi nimerudi nyumbani. Shingo ina tundu, uji unapita, sauti hakuna. Nagonga meza kwa kijiko jirani akizidisha maneno.

Hospitalini ulinikasirikia: kwa nini siku ile ukumbini, mfalme alipofungua mlango, nilinyamaza, baada ya vita vyote vile? Sikusahau, wala koo halikukataa. Nilitaka kusikia kama itafika bila mimi.

Ukumbi mzima ukaisema, ndoo kichwani. Ikafika. Halafu safu ya tatu, wenzake wakiwa wameshanyamaza, mtu mmoja akaisema peke yake, kwa ukali, kama mwenye sakafu. Nikageuka kwenye kiti nikidhani ni mama yako, kumbe ni wewe.

Filamu yenyewe bado inatazamika tu.

Ukija Jumapili usingoje nikwambie kitu mlangoni. Unajua la kufanya.

Baba yako